Shangazi Hataki Zawadi

Ukimpelekea shangazi yangu kitambaa akushonee gauni, siku ya kuchukua utapewa gauni na kifurushi. Ndani ya kifurushi mna mabaki: vipande vya upana wa kiganja, vingine vyembamba kama utambi, vyote vimekunjwa na kufungwa kwa uzi wa rangi ileile. Mafundi wenzake humcheka. Wao mabaki huyageuza mifuko ya ndani na foronya za watoto, na mteja haulizi. Yeye hana habari nao. "Kitambaa kanunua mwenyewe," husema, "mimi nimeshona tu." Kwa tabia hiyo mtaa mzima unamheshimu, na kwa tabia hiyohiyo nusura anitie wazimu benki.

Mimi ni mtoto wa mdogo wake wa kiume, nakaa kwake tangu nilipopata kazi kwenye duka la dawa la mtaa wa pili. Watu humwita Bi Pindo, maana hawezi kuona pindo la nguo limelegea akanyamaza, hata kama kalishona fundi mwingine. Atakusimamisha njiani: "Mwanangu, pindo linakutoka," na sindano iko tayari mkononi. Sare za shule, ovaroli za mafundi magari, majoho ya wahitimu, vyote vimepita kwenye chumba chake cha kushonea, kile cha mbele katika jengo la kona, chenye dirisha kubwa linaloingiza mwanga mpaka alasiri. Mle ndani mna cherehani tatu, meza ya kukatia iliyochakaa pembe, na mafundi wawili wa kike wanaocheka kutwa. Ila chumba hakikuwa chake. Alikuwa amepanga miaka yote hiyo.

Mwaka huu mwenye jengo akaamua kuuza vyumba vya mbele, kimoja kimoja. Kwa heshima akamwambia Shangazi kwanza, lakini muuza simu wa chumba cha jirani alikuwa keshamnong'oneza mwenye jengo huyo kwamba yeye anazo taslimu.

"Bi Pindo, nakusubiri mpaka Ijumaa jioni," mwenye jengo akasema. "Ijumaa ikipita usinilaumu."

Akiba ya Shangazi ilikuwa haifiki hata nusu ya bei. Ndipo akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya: akampigia simu baba yangu akamwomba amkopeshe. Baba ni mdogo wake, alimbeba mgongoni huyo, lakini siku hiyo aliongea naye akiwa amesimama wima kama anaongea na mkuu wa wilaya. "Nikopeshe. Nitakulipa kidogo kidogo kila mwezi. Ukiona vigumu, sema."

Baba hakuona vigumu. Yeye ni fundi wa lifti katika mji ulio mbali na kwetu. Amestaafu juzijuzi na kiinua mgongo chake kimetoka, ingawa majengo bado yanamwita lifti zikigoma. Alhamisi asubuhi pesa ikaingia. Shangazi akavaa miwani, akasoma ujumbe, akavua miwani, akaifuta kwa kipande cha popolini, akasoma tena. Akaunti yake ni ya mtu binafsi, ya kawaida kabisa, imezoea malipo ya kaptula na sketi. Ilikuwa haijawahi kuona kitu kama kile. Hatujamaliza hata kushangilia, ukaja ujumbe wa pili: fedha zimezuiwa kwa muda, fika tawini ukiwa na kitambulisho.

"Wamenifanya mwizi," Shangazi akasema, na akaenda kuvaa gauni lake la shughuli.

Nikaomba ruhusa kazini nikamsindikiza. Benki tulipokewa na afisa mmoja, msichana mpole wa rika langu, akatukalisha na kumwelezea Shangazi taratibu.

"Mama, hakuna anayekushuku. Kiasi kikubwa kikiingia kwenye akaunti ambayo haijakizoea, lazima tuulize. Aliyetuma ni nani, na pesa ni ya nini?"

"Ni mdogo wangu. Kanikopesha ninunue chumba changu cha kushonea."

Afisa akatazama kompyuta yake, akakunja uso kidogo. "Huku mtumaji ameandika zawadi."

"Ameandika nini?"

"Zawadi, mama."

Nikacheka peke yangu. Huyo ndiye baba. Katika familia yetu ndugu hawadaiani kwa maandishi, na mtu akiambiwa ajaze sababu ya kumtumia dada yake pesa, kuandika neno deni ni kama kumtukana. Nikaona mambo yamekuwa mepesi. Afisa naye aliona hivyo. Akatueleza kwamba kama ni zawadi, Shangazi aweke saini na pesa ifunguliwe palepale. Kama ni mkopo, yanahitajika makubaliano yenye saini zao wote wawili, na baba ayathibitishe kwenye benki yake. Yakifika kesho kabla hawajafunga, pesa itafunguliwa kesho.

Nikaisogeza kalamu karibu na mkono wa Shangazi. Akairudisha ilikokuwa.

"Mimi sikuomba zawadi," akasema. "Nipe hiyo karatasi ya mkopo."

Jamani, mimi ni mtu wa hasira za karibu. Tulipotoka nje nilimgombeza kama vile yeye ndiye mtoto. "Shangazi, ni neno tu! Saini moja, chumba chako. Muuza simu anakuombea ukwame, halafu wewe unachagua maneno?"

"Kama ni neno tu," akanijibu, "mbona mwenzangu hakuandika la kweli?"

Hasira zikanizidi. Tukampigia baba. Hapatikani. Baba akiingia kwenye shimo la lifti huiacha simu kwenye begi, na akitoka hukumbuka kula kabla ya kukumbuka simu. Tukapiga tena na tena. Tukarudi kushona.

Alasiri muuza simu akapiga hodi, akaomba radhi, akaanza kupima ukuta kwa hatua za miguu, ajue makabati yake yatakaa vipi. Mafundi wawili wakaacha kucheka. Mimi nilitamani kumtoa kwa pasi ya moto. Shangazi akavua futi yake shingoni akampa.

"Hatua zitakudanganya. Pima kwa hii."

Yule bwana akapima kwa aibu, akarudisha futi kwa mikono miwili, akaondoka. Shangazi akaendelea kukata kola, lakini nilimwona akipitisha kiganja juu ya meza ya kukatia, taratibu, kutoka pembe hadi pembe. Aliogopa. Na bado nilijua hatasaini.

Jua linakaribia kuzama simu ikaita. Shangazi akawasha spika, akaiweka mezani ili aendelee kutia vifungo.

"Dada, mzigo umefika?"

"Umefika, umeshikwa. Umeandika zawadi."

"Ndiyo. Weka saini, nunua chumba, mengine tutaongea."

"Mimi nilikuomba mkopo."

Baba akashusha pumzi. "Dada, mimi nitakudai wewe kwa mdomo gani? Nani aliacha shule ili ada yangu ipatikane? Ulikuwa unaniongoza kwa alama, walimu walikuja nyumbani kukuombea urudi. Ukakaa kwenye cherehani ya kukodi unashona foronya mpaka nimalize chuo. Hiyo pesa ni yako. Nimechelewa tu kukulipa."

Habari hiyo naijua, baba huisimulia kila akikaa na wageni. Lakini sikuwahi kumsikia akimwambia mwenyewe. Machozi yakanilengalenga, nikasema moyoni hapa sasa Shangazi atalegea.

Shangazi akaweka sindano chini.

"Kumbe ndilo ulilokuwa nalo," akasema. "Sasa nisikilize. Nilipokusomesha, nilikukopesha?"

"Hapana."

"Nilikuambia utanilipa?"

"Hapana, dada."

"Basi nilikupa. Hicho ndicho kitu kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kumpa mtu. Kila nikisikia umetengeneza lifti ya jengo fulani, natembea mtaani kichwa juu, najivuna, na sina haja ya kumwambia mtu. Leo ukinilipa, itakuwa nilikukopesha tu. Utakuwa umeninyang'anya. Niachie zawadi yangu, mdogo wangu. Wewe nikopeshe pesa."

Mafundi wote wawili walikuwa wameshika nguo bila kushona. Kule upande wa pili tulisikia baba anapenga kamasi, akakohoa, akapenga tena.

"Haya," akasema mwishowe. "Nitasaini mkopo. Lakini riba sitaki."

"Nani kakuambia nilikuwa na mpango wa kukupa riba?"

Wakacheka wote wawili, kicheko kimoja, kirefu. Hasira zangu sijui ziliishia wapi. Nilijiona nina bahati ya kuzaliwa upande huu wa dunia, baina ya watu wawili wanaogombana kwa sababu ya namna hiyo.

Ijumaa baba alikuwa mlangoni mwa benki yake kabla haijafunguliwa. Karatasi ikapita benki kwa benki, na jioni mwenye jengo akapata haki yake. Muuza simu amekuwa mteja, alikuja wiki iliyofuata na suruali ya kupunguza, na mabaki yake kidogo ya kitambaa akafungiwa kama kawaida. Ila ninachopenda kusimulia mimi ni pale benki, dakika ile ya mwisho, afisa alipokuwa akijaza sehemu yake.

"Uhusiano wako na mkopeshaji, mama?"

"Ni mdogo wangu," Shangazi akasema. Akakaa vizuri kwenye kiti. "Nilimsomesha mimi."

Afisa akaandika hilo la kwanza, akasimamisha kalamu. "Hilo la pili halina nafasi kwenye fomu."

"Najua, mwanangu. Nilitaka tu ulisikie."