Mama Aliyenikimbia Kachibora

Ukicheka, cheka polepole, maana kwao mke wangu bado hawajasahau. Kazi yangu pale Kitale ilikuwa kutoa ushauri nasaha kwa familia zilizokimbia vita mlimani na kupewa makao mapya Kachibora. Mama mmoja kila akiniona alijifunika leso kichwani na kutorokea shamba la mahindi. Nikasema hicho ni kiwewe kikali, na mimi ndiye wa kumponya.

Siku moja nilimleta mkubwa wangu wa kazi ajionee utaalamu. Mama akatoroka kama kawaida. Nikamfuata mbio ndani ya mahindi, nikiita kwa sauti ya upole, "Mama, usiogope! Niangalie machoni!"

Mumewe akanishika shati. "Daktari, wacha bana! Si ni wewe ulioa huko Kabuchai juzi? Bibi yako ni mtoto wa dada ya huyu mama! Wewe ni Mbukusu kama sisi, tulidhani unajua. Kwa mila yetu mama mkwe hujificha mkwewe, sasa atakuangalia machoni aje?"

Mkubwa wangu akageuka, akizuia kicheko. Kutoka ndani ya mahindi sauti ikasema, "Mwambieni mkwe wangu nimepona. Arudi Kitale."