Brandi Niliyoimwaga kwa Anko Clive

Naikumbuka asubuhi ile mfuniko wa chupa uliporuka ukagonga dari ya jikoni, mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka siku niliyoingia nchi hii. Nilivuka mipaka minne kufika Durban na yote imeshaanza kuchanganyika kichwani. Tunduma na Chirundu naziona kama mahali pamoja. Lakini mlio ule, harufu iliyoufuata, na mzee aliyesimama mlangoni na taulo begani, sabuni ya kunyolea bado iko shavuni, havijafutika hata kidogo. Keti nikueleze. Nimekutazama unavyofanya kazi za watu, una haraka na una akili, na umenikumbusha mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Shule niliiacha Uvira nikiwa darasa la sita. Kujua nilikupenda mno, ila kukaa benchi moja mwaka mzima kulinishinda. Mji wowote ulinichosha baada ya miezi michache. Nilipata kazi ya kusuka nywele saluni moja hapa hapa Point, na chumba cha uani mtaa wa Sydenham, kwa mzee mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Anko Clive. Alikuwa ameendesha winchi bandarini ujana wake wote. Mkewe, Anti Mavis, alikuwa amefariki miaka miwili kabla sijafika. Mikono ya mzee ilitetemeka, kisu hakikai, kwa hiyo nilimpikia na kumfulia, naye akanipa chumba.

Mwezi wa kumi simu ililia. Alikuwa binti yake wa pekee, Charmaine, aliyehamia Cape Town na ambaye hakuwa amezungumza na baba yake kwa miaka saba. Kwa nini, sikujua, na kwa mara moja maishani mwangu sikuuliza. Alisema atakuja Krismasi. Kisha akauliza jambo moja tu: "Yale matunda ya Mami yatakuwepo?"

Anko alikata simu akabaki ameishika kifuani. "Feza," akaniambia, "mwaka huu utakuwa mikono yangu."

Mwanangu, sikuwahi kuona kitu kama matunda yale. Wenyewe hukitia ndani ya vipai vidogo vya Krismasi. Juu ya meza tulipanga zabibu kavu za aina tatu, matufaha makali yaliyokunwa, maganda ya machungwa yaliyopikwa kwa sukari mpaka yakang'aa kama kioo, lozi, mdalasini, karafuu, kungumanga, sukari ya kahawia, malimau. Halafu akafungua karatasi ya buchani, ndani mkiwa na mafuta mabichi ya figo ya ng'ombe. Nikarudi nyuma. Mafuta ya ng'ombe ndani ya matunda, halafu yakae kabatini miezi miwili bila friji?

Nilimwuliza mzee mpaka akachoka. Mbona mafuta ya figo, si ya mgongoni? Kwa sababu ni makavu, yanakatika kama chaki. Mbona tufaha kali? Ili sukari ipate wa kushindana naye. Mbona chupa zinaingia kwenye oveni tupu? Ili zikauke kabisa, tone moja la maji ni adui.

"Eish, Feza," akasema, "wewe ungekuwa mwalimu. Au polisi."

Nilikoroga kwa mwiko mrefu huku harufu ikipanda, na nilihisi kama niko ndani ya ghala la bandari ambamo meli za dunia nzima zimeteremsha mizigo. Nilishangaa kwamba vitu vilivyotoka mbali hivyo, kila kimoja kwa njia yake, vinaweza kukaa bakuli moja vikaelewana.

Ndipo Anko akaitoa chupa ya brandi, mpya, haijafunguliwa. Hakuifungua. Aliisukuma mezani kuja kwangu kwa kidole kimoja. "Hii shika wewe. Nusu itie leo, ile nyingine utaongezea juu baada ya wiki mbili." Akatoka nje, akafunga mlango, akaketi kwenye ngazi za nyuma, ameligeuzia jiko mgongo.

Nikabaki peke yangu na chupa, na masikioni nikiwa na Mama Riziki. Mama Riziki alikuwa Mkongo mwenzangu wa saluni, mzee wa kanisa letu, kanisa lisilotaka pombe hata ya kunusa. Jana yake nilijisifu kwake juu ya matunda yale, naye akasimamisha kitana hewani.

"Wewe Feza! Na pombe ndani? Iko zambi hiyo! Noeli hii utakula pombe na kijiko, kama uji?"

Saluni nzima ilicheka. Nilikuwa mgeni, na kanisa lile ndilo lililokuwa nyumbani kwangu.

Nikamtazama mzee dirishani. Nikajiambia, ona, hata yeye inamchukiza, ndiyo maana amekimbia nje. Nikaifungua brandi, nikaimwaga yote kwenye sinki, nikafungulia maji. Badala yake nikatia maji ya tufaha ya dukani, rangi ile ile. Nikajaza chupa kumi na mbili, nikafunga vifuniko, nikapanga kabatini.

Mzee akarudi. "Umetia?"

"Nimetia, Anko."

Tazama lilivyo jepesi neno lile. Hata sauti haikunitetemeka.

Wiki zikapita, ile siku ya kuongezea nusu ya pili nikaipita bila kugusa kabati, joto la Desemba likaja, lile joto letu la Durban linalokaa juu ya ngozi kama shuka mbichi. Charmaine alifika kwa basi. Mwanamke mnene, mzuri, asiyecheka. Begi lake hakuliingiza chumbani, aliliacha karibu na mlango. Anko alilitazama begi lile siku nzima.

Kesho yake asubuhi Charmaine alianza kukanda unga wa vipai, mimi nikiosha vyombo, mzee akinyoa ndevu. Akafungua kabati kuchukua chupa. Vifuniko vilikuwa vimevimba kama mashavu ya mtoto anayezuia pumzi. Alipogusa cha kwanza tu, paa! Kikagonga dari. Povu la zambarau likashuka ukutani, na harufu ikajaa jikoni, nami niliitambua papo hapo: kasiksi, ile pombe ya ndizi inayopikwa kwetu. Mimi niliyemwaga pombe nilikuwa nimepika pombe chupa kumi na mbili.

Charmaine hakupiga kelele. Alichovya kidole, akaonja, akamgeukia baba yake mlangoni.

"Dadi. Hii haikutiwa brandi hata kijiko. Brandi ndiyo inayoyazuia yasichachuke, Mami alinifundisha nikiwa na miaka sita." Akainama chini ya sinki, akatoa ile chupa tupu niliyoihifadhi kwa sababu ilikuwa nzuri. "Ilikwenda wapi?"

Mzee alinitazama mara moja tu. Halafu akatazama sakafu.

"Miaka saba," Charmaine akasema. "Mami aliniambia kwa simu ulimwapia kitandani kwake kwamba umeacha pombe. Nami nikaamini, nikapanda basi nikaja."

Ndipo nilipoelewa, mwanangu. Nilielewa kwa nini aliisukuma chupa kwa kidole kimoja, na kwa nini alikaa nje amegeuza mgongo. Mtu yule alikuwa akipigana vita kwenye ngazi za nyuma, na silaha yake ilikuwa kuniamini mimi.

Na bado sikusema. Niliwaza chumba changu, kwamba nikikiri nitalala wapi. Nikangoja mzee ajitetee, aninyooshee kidole. Aliendelea kutazama sakafu. Charmaine alinawa mikono, akachukua begi, akatoka. Nikasikia geti.

Miguu yangu ikanitangulia. Nilikimbia peku, mikono ina povu la sabuni, nikamkuta amesimama kwenye robot, zile taa za barabarani, anangoja taa ibadilike avuke kwenda kutafuta teksi.

"Sista, ni mimi. Niliimwaga kwenye sinki. Kanisa letu linakataza. Anko hakuionja, hata kifuniko hakukigusa."

"Kwa nini nikuamini wewe?"

"Kwa sababu yeye nilimdanganya kwamba nimetia. Na naogopa leo nitafukuzwa, na bado nakwambia."

Taa ikawaka kijani. Hakuvuka. "Uliimwaga? Chupa nzima? Kwenye sinki?"

"Ndiyo."

"Halafu yakajitengenezea pombe yenyewe."

"Ndiyo, sista."

Akaketi juu ya begi lake pembeni mwa barabara, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi hayo yaliendelea baada ya kicheko kwisha.

Tuliporudi, mzee alikuwa ameketi mezani, upande mmoja wa uso umenyolewa, mwingine bado. Charmaine hakumkumbatia. Alichukua taulo begani mwa baba yake, akamfuta sabuni shavuni, akavuta kiti. Begi safari hii lilibaki uani, hakuna aliyelikumbuka.

Anko akainuka akaenda chumbani. Akarudi na kitu kilichofungwa kwa kanga kuukuu ya jikoni. Ilikuwa chupa moja ya matunda, ya mwisho ambayo Anti Mavis alifunga kwa mikono yake mwenyewe. "Nilikuwa naogopa kuifungua," akasema. "Nikiifungua, amekwisha."

Mikono yake haikuweza kuzungusha mfuniko. Charmaine alishika chupa, baba akashika mfuniko, wakazungusha pamoja.

Sijui nikuelezeje. Krismasi tatu zilikuwa zimepita juu ya chupa ile, na joto la Durban mara zote tatu, na hapakuwa na doa la ukungu. Matunda yalikuwa meusi yanang'aa, kila moja limevaa mafuta yake, na harufu ilitoka taratibu, imetulia, kama mtu mzima anayeingia mahali anapopafahamu. Nilikuwa sijawahi kumwona Anti Mavis. Asubuhi ile nilijua alikuwa mtu wa namna gani: mvumilivu, asiyeruka hatua hata moja. Niliziba mdomo kwa kiganja. Mpaka leo sijui kitabu wala mahubiri yaliyoninyamazisha hivyo.

Tulioka vipai. Charmaine alikula viwili amefumba macho. Mzee hakula. "Mimi harufu inanitosha," akasema, akasogeza kiti chake mbali kidogo.

Baadaye, tukisugua ukuta, nikamwuliza kwa nini hakunitaja. Akasema, "Mlevi aliyeacha, neno lake halina uzito, Feza. Lako lilikuwa nalo. Nilikuwa nangoja ulitumie." Kisha akanitazama kwa ukali ambao sikuwahi kuuona kwake. "Umeniuliza maswali mia moja juu ya matunda haya. Mbona hili moja hukuuliza? Ungeniambia kanisa linakukataza, ningemwita jirani aitie. Hakuna ambaye angekasirika."

Sikufukuzwa. Nilikaa pale miaka minne, mji wa kwanza ambao haukunichosha.

Sasa nywele zangu ni nyeupe, nakaa hapa Point, na kila mwezi wa kumi nayatengeneza matunda yale. Ninayatia ndani ya mandazi, watu wa jengo hili wanakuja na sahani. Brandi bado siishiki. Jirani yangu huja kuitia, nami natoka nikakae ngazini mpaka amalize. Kila mwaka nikiwa pale ngazini namfikiria Anko.

Basi nikwambie, mwanangu. Ukikabidhiwa kazi ya mtu, usiondoe ndani yake kitu ambacho hujauliza kimewekwa kufanya nini. Dhamiri yako ikikataa, iseme waziwazi, mezani, chupa ikiwa bado imefungwa. Watu wema watakutafutia njia. Na ukishakosea, usingoje mwingine alipie ukimya wako. Kimbia, hata peku, umwahi kabla taa haijabadilika.

Mungu akupe mikono inayoaminika. Akupe mlango ambao mtu akiufikia na begi, analisahau uani. Na utakachokifunga leo kwa uangalifu, wakikifungua wasiokujua, wakute bado ni kizima.