Shaba ya Bafuni

Évode alikuwa dereva wa tajiri mmoja kwa miaka kumi; tajiri huyo aliporudi Ulaya, alimwachia gari lake jeusi la kifahari. Jumamosi lingempeleka Mugeni, binti ya Évode, kanisani kufunga ndoa. Lakini Alhamisi, Évode alipoyagusa mabomba ya plastiki yanayopitisha maji ya kupozea injini, yalivunjika mkononi kama biskuti.

Mkewe, Générose, alimkuta bafuni anang'oa bomba la shaba.

"Baba Mugeni, tutaogea nini?"

"Beseni, mama. Bibi harusi hapandi kilima cha Kimihurura kwa miguu."

"Nunua plastiki nyingine!"

"Itavunjika tena. Shaba itanizika mimi kwanza."

Aliikata shaba kwa msumeno, akaiunga kwa mipira na vibano. Akamimina maji polepole, akisikiliza hewa ikitoka, kama mtu anayembembeleza mtoto alale.

Jumamosi asubuhi gari lilipanda kilima taratibu, kana kwamba linaelea. Karibu na kilele, weupe ukakifunika kioo chote. Évode akakanyaga breki.

"Baba, ni ukungu tu," Mugeni akacheka.

Évode akautazama mshale wa joto la injini: umetulia katikati.

"Nilidhani bafu letu linachemka," akasema, akaendesha kuingia ndani ya weupe ule.