Aliyewatenganisha Mabaharia Wawili

Mwezi uliopita, Jumanne asubuhi, binti wa rafiki yangu alinipigia simu akaniambia kwa Kiswidi kwamba baba yake amefariki usingizini, nyumbani kwao katika kitongoji cha Alby. Alikuwa Mrundi, muuguzi kwa taaluma, ila hapa Stockholm alikuwa msafishaji katika ghala la makumbusho moja. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua siandiki tanzia. Hii naiandika kwa sababu hasira haijanitoka.

Katika ghala hilo yalihifadhiwa mabaki ya mabaharia waliopotea na meli yao kwenye barafu ya kaskazini, kabla hata babu zetu hawajazaliwa. Baridi ilikuwa imewatunza. Mmoja bado alikuwa na soksi ya sufu mguuni. Siku moja wataalamu waliacha sanduku wazi mezani, limeandikwa kuwa ni la mtu mmoja. Yeye alikuwa akipiga deki. Akatazama, akaona mifupa miwili ya paja, yote ya mguu wa kushoto. Akamwendea mkuu wa ghala.

"Humu mna watu wawili," akamwambia.

"Wewe kazi yako ni sakafu," akajibiwa.

Aliponisimulia, tukinywa chai kwake, nilimuuliza kama aliishia hapo.

"Ndugu yangu, wakati wa vita kwetu nilipanga mifupa ya majirani zangu, ili kila mama apate wa kwake wa kuzika. Siwezi kukosea paja. Nilimrudia mara tatu. Mara ya tatu akasema atanihamisha."

Akamhamisha kweli, akampeleka kwenye vyoo vya wageni. Baadaye mtaalamu alialikwa kutoka nje, akafungua sanduku lile lile, akasema maneno yale yale, na magazeti yakamwandika. Ukoo wa baharia wa pili ukapatikana, akafanyiwa ibada kanisani, bendera juu ya jeneza. Rafiki yangu alikwenda. Mlangoni wakamuuliza kama amealikwa. Akasema hapana, akasimama nje kwenye theluji mpaka watu wakatoka.

"Sikwenda kwa ajili yao," aliniambia. "Yule mtu nilikuwa namjua."

Tulimzika wiki iliyopita. Kutoka makumbusho hakuja hata mmoja. Mkewe ameniomba nisimtaje mumewe kwa jina. "Jina walikuwa nalo kwenye beji kifuani pake miaka yote, hawakulisoma. Wasilisome leo gazetini." Nimemtii.

Tumezoea kuambiwa kwamba tukijifunza lugha tutasikilizwa. Yeye Kiswidi alikisema vizuri kabisa, na walimwelewa vizuri kabisa. Huko Alby wapo walimu na wahandisi wanaosukuma vitoroli vya usafi huku wakiona makosa ya wakubwa wao, na wamejifunza kunyamaza. Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, kama una watu chini yako kazini, siku mmoja akija na neno, muulize amejuaje kabla ya kumkumbusha kazi yake ni ipi.