Nani Alimtuma?

Sentensi ya kwanza ya mazungumzo yangu ilikuwa na maneno mawili tu, "Alizaliwa mtumwa," nami nilikuwa nimeifuta mara nyingi hadi karatasi ikachubuka. Nilijaribu "alizaliwa utumwani", nikahisi nimekwepa, nikairudisha. Nilisimama kwenye barabara ya Chaussée de Wavre, nje ya duka la vitenge, na nyuma ya duka hilo darasa la Kiswahili la Jumamosi lilikuwa linanisubiri.

Mama anayeliendesha, mtu wa Lubumbashi ambaye sote tunamwita Maman, magoti yanamuuma na alitaka nimrithi. Lakini kwanza nizungumze na watoto, aone. Nilichagua kuwasimulia habari za mwanamke mweusi wa Marekani aliyetoka utumwani, akasoma, akaja kuwa mwalimu mkuu wa shule. Nilimpenda kwa wivu. Mimi pia nilijifundisha, chumbani kwetu mtaani Laeken, Kiswahili cha vitabu, kwa sababu kile cha nyumbani, cha Bujumbura, nilikionea haya. Nakiri pia kwamba hadi leo nasahihisha watu kimoyomoyo wakiongea.

"Bon, leo tutasikia Kiswahili ya redio," Maman aliwaambia watoto. Wakacheka. Nikasoma sentensi yangu.

Msichana wa mbele akainua mkono. "Mutumwa? Nani alimutuma?"

Niliitazama karatasi. Nikasema ni bwana aliyemmiliki, alimtuma maji, alimtuma kuni.

"Na shule, nani alimutuma?"

"Hakuna. Huko alijituma."

Neno lilitoka kabla sijalipima. Nikakunja karatasi, nikaendelea bila hiyo, nikikwama, nikiruka mambo. Mahali fulani nilisema "mutoto", kama tusemavyo nyumbani, na hakuna aliyeshtuka.

Watoto walipoondoka, Maman akaniuliza kama nitarudi Jumamosi ijayo. Nikaanza kumweleza kwamba sina cheti, na kwamba nusu ya niliyosema yalikuwa yamepinda.

"Mi sikutumi," alisema, akipanga viti. "Nakuomba tu."

Nikamjibu nitaona, nikatoka haraka.

Kwenye tramu ya kwenda Laeken, nilianza kujiuliza. Kweli hakuna aliyemtuma shule yule mwanamke? Na mama yake je? Huenda kuna mtu aliyemsukuma mlangoni asubuhi moja, nami nimemfuta kwa neno moja zuri. Yule msichana ameondoka nalo, atalirudia nyumbani. Singeweza kuliacha hivyo.

Kabla ya kushuka, nilimtumia Maman ujumbe: nitakuja, kuna jibu nataka kulirekebisha.