Gari Lisilo na Ndugu

Baba yangu alikuwa fundi wa kuchomelea katika mashamba makubwa ya ngano ya serikali, upande wa Basotu. Serikali ilipochoka kulima ngano, wafanyakazi walipunguzwa, na baba akarudi nyumbani Nangwa na mashine yake ya kuchomelea pamoja na trela zima la vyuma chakavu. Kulikuwa na ekseli, magurudumu, mabomba na gia boksi ya gari lililokufa zamani. Mama alikuwa anategemea mabati ya nyumba. Alipoona kinachoshushwa ni kutu tupu, aliingia jikoni akafunga mlango, na siku ile tulishindia uji.

Ulikuwa mwanzo wa soko huria. Redio ilisema sasa kila mwananchi aunde, auze, ajitegemee mwenyewe. Baba aliyapokea maneno yale kama anavyopokea Injili kanisani, na mpaka leo sijui nimlaumu nani, redio au yeye. Akasema ataunda magari. Siyo kutengeneza mabovu ya watu, kuunda mapya, magari ya mkulima wa Hanang: yasiyojua lami, yanayobeba mahindi, vitunguu na ndama bila kulalamika.

Gari la kwanza lilimchukua muda mrefu, kwa sababu kila chuma kilichokosekana ilibidi kwanza akitengeneze. Injini ilitoka kwenye mashine ya kusaga. Bodi ilikuwa mapipa yaliyopasuliwa na kunyooshwa kwa nyundo, na taa mbili hazikufanana, moja ikiwa ya trekta. Alilipaka rangi ya kijani. Siku alipozungusha hendeli likawaka, mama mmoja jirani alitoka na debe lake la mahindi kichwani akidhani mashine imehamia kwetu. Tulicheka, naye akacheka, halafu akaomba apandishwe.

Lilitembea, nataka hilo lieleweke. Kuna watu wanaosimulia habari za baba kama kichekesho, na mimi hunipanda hasira. Lile gari lilikwenda Katesh likiwa na magunia na watu juu ya magunia, likarudi. Siku za mnada watu walilizunguka wakiligonga gonga ubavuni, wakimpa baba mkono. Mcheza kwao hutunzwa, walimwambia. Methali ile siipendi. Sikuona mtu aliyemtunza baba zaidi ya kumnunulia soda.

Maana wakati huohuo zilianza kufika pikapu za mitumba kutoka Japani. Zilishushwa bandarini, zikapanda mpaka Arusha, zikatufikia sisi zikiwa bado na harufu ya nchi ya watu. Aliyeuza vitunguu vizuri alinunua pikapu. Hata baba mdogo, ndugu wa tumbo moja na baba, aliyekula kwetu kila Jumapili huku akilisifu lile gari la kijani, alinunua yake nyeupe, na bila aibu akaja nayo nyumbani kaka yake aione. Baba alilala chini yake muda mrefu. Alipotoka alijipangusa mgongo akasema wameiunda vizuri. Baba mdogo akaanza kujieleza, kwamba gari letu ni imara, lakini hii ikiharibika spea zake zimejaa Arusha. Hakuna aliyemuuliza. Nilikasirika naye kwa muda mrefu, ingawa alichosema kilikuwa kweli, na nadhani nilikasirika kwa sababu hiyo.

Baba hakuwa mjinga. Aliona kwamba kitu kikikaa uani kwa mwenyewe hakizai. Kwa hiyo akafanya jambo ambalo nadhani lingeweza kufikiriwa huku kwetu tu. Huku mtu hafungi ng'ombe wake wote katika zizi moja. Mmoja humpeleka kwa rafiki, rafiki akamchunga na kunywa maziwa, lakini ng'ombe na ndama wake hubaki mali ya mwenyewe. Basi baba aliliwasha gari lake akalipeleka Gendabi kwa rafiki yake, Mbarbaig mfugaji, mtu mrefu aliyevaa shuka na kusema kwa upole kama mgonjwa. Akamwambia nimekuletea ng'ombe. Maziwa yake ni kukubebea maji na ndama wachanga wakati wa kuhama. Na ndama wangu mimi ni watu watakaoliona hapa kwako, waje waniagize mengine.

Yule mzee hakucheka. Alimwita mke wake, akaja na kibuyu, akanyunyiza maziwa kwenye matairi yote manne. Kijana wao mmoja alifundishwa kuliendesha. Baba akarudi kwa miguu, mwepesi, anapiga mluzi njia nzima.

Halafu tukakatwa kutoka Arusha tukawa Mkoa wa Manyara. Mimi nilikuwa nimeshaanza kazi ya ualimu. Makao makuu yakawa Babati, karibu, na baba akasema mkoa mpya utataka vitu vyake wenyewe. Alikuwa amesimamisha chesi ya gari la pili uani. Tulikwenda Babati pamoja, yeye na suti yake ya harusi, na picha za gari mkononi. Wakubwa walimpokea kwa heshima, siwezi kusema uongo. Walimpa chai. Wakamuuliza anaweza kuunda mangapi kwa mwezi. Akasema moja kwa mwaka, vyuma vikipatikana. Wakatazamana, wakamweleza taratibu kama watu wanaompa mtu habari za msiba. Ili mkoa ununue, lazima pawe na spea. Ili pawe na spea, lazima pawe na kiwanda. Ili pawe na kiwanda, lazima pawe na wanunuzi wengi, na huku wanunuzi ni wangapi? Nilikuwa nimekaa kando yake. Mimi nafundisha hesabu, na nilitafuta kosa katika maneno yale sikuliona.

Ndama hawakuja. Watu walilisifu gari Gendabi kama walivyolisifu Nangwa, wakaenda zao. Kila lilipoharibika, baba alifunga zana kwenye baiskeli akaenda kulitibu. Lakini macho yake yalikuwa yameanza kuharibika kwa mwanga wa kuchomelea, miaka mingi bila miwani ya maana, na safari zikawa chache. Mwisho akawa hawezi kuona ncha ya tupa yake mwenyewe. Chesi ya pili ikaota nyasi katikati.

Asubuhi moja ya likizo nilikuwa nafagia uani nikaona punda anaingia, mgongoni amefungwa bati la kijani. Nyuma yake alikuwa yule mzee wa Gendabi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Alifungua kamba, akalilaza lile bati mbele ya miguu ya baba. Ilikuwa boneti.

Mama alielewa kabla yangu, akaweka mkono mdomoni. Ng'ombe wa mtu akifia kwako, unampelekea mwenyewe ngozi, aone kwamba kweli amekufa, hukumuuza. Baba aliinama, akaipapasa boneti kwa viganja kwa sababu macho hayakutosha, akaifikia sehemu aliyoinyoosha kwa nyundo zamani.

"Injini nitaileta kwa mkokoteni," mzee alisema. "Hiyo ni nyama. Ngozi nimeona ije kwanza."

Aliketi, akapewa chai. Gia moja ilivunjika, alisema, ile ambayo baba aliichonga kwa tupa. Baba akajibu kama desturi inavyotaka, maana mwenye ng'ombe akiamini ngozi, humpa rafiki yake ng'ombe mwingine. Akasema atampa jingine.

Mzee alishika kikombe kwa mikono miwili, akakimaliza.

"Fundi," alisema mwishowe, "nimefika mpaka Balangdalalu kutafuta gari lenye gia kama ile. Wananiuliza, ni gari gani? Nasema, la fundi. Wananiambia, basi nenda kwa fundi. Ng'ombe huyu hana ndugu. Na wewe umeshazeeka, kama mimi. Usinipe mwingine."

Waliagana vizuri, wakashikana mikono kwa muda. Baba alimsindikiza mpaka barabarani, akarudi akigusa ua kwa mkono. Akakaa kwenye kigoda karibu na boneti. Mama alijitia kazi jikoni. Nilitaka kusema neno, na kila nililolifikiria lilikuwa la kanisani au la shuleni.

"Wewe una mshahara," baba alisema. "Siku ukitaka gari, ungenunua la kwangu?"

Nilimwonea uchungu, tena nikamkasirikia kwa kuniuliza mimi, mtu pekee aliyekuwa hawezi kumkimbia. Nilitazama mikono yake. Mtu aliyekuwa amepokea ngozi ya ng'ombe wake asubuhi ileile sikuweza kumdanganya.

"Hapana, baba."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia jibu sahihi.

"Hata mimi," alisema, "nisingenunua."