Vileja Thelathini na Sita

Mpishi wa kazini kwetu aliniuliza mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa anasoma karatasi niliyoiweka mbele ya sahani yangu. Mara ya pili alikuwa tayari ameshika kileja mkononi, karibu na mdomo: nina hakika hamna karanga, wala lozi, wala korosho? Nilimjibu kwa ukali kidogo, maana sipendi kuulizwa jambo moja mara mbili, kwamba nimepika kwa mikono yangu mwenyewe na ninajua nilichotia. Akala. Akachukua na cha pili.

Hiyo ilikuwa saa tisa na robo alasiri, mwezi wa Desemba, katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi, upande wa Thamesmead, London. Nilikuwa na miezi sita pale, na kipindi changu cha majaribio kilikuwa kinaisha Jumatatu iliyofuata. Kibali changu cha kuishi nchi hii kimefungwa kwenye kazi hiyo kama mbuzi kwenye kigingi. Kazi ikiondoka, na mimi naondoka. Na aliyeishika nafasi ile kabla yangu aliondolewa, nikaambiwa, kwa sababu ya kipande cha keki: alimpa mzee mmoja keki yenye karanga bila kuandika popote. Mzee alipona. Yeye hakurudi tena. Kisa hicho nilisimuliwa siku ya kwanza, kabla hata sijaonyeshwa choo kiko wapi.

Sasa mtu mwenye akili atauliza, wewe uliingiaje kwenye mambo ya biskuti? Niliingia kwa kiburi. Kwenye fomu ya kunipima kulikuwa na mstari unaosema "anachangamana na wenzake", na meneja alikuwa amekwisha kuniambia, kichwa kakiinamisha upande, kwamba kazi yangu ni nzuri ila ninajitenga. Wanawake wa pale kila Desemba hubadilishana biskuti za Krismasi. Kila mmoja huoka dazeni tatu kwake, anazipanga mezani, kisha wote wanazunguka na makopo matupu wakichukua kidogo katika kila sahani, hata unarudi nyumbani na mikono ya watu wote ndani ya kopo moja. Sheria zao ni mbili: hakuna cha dukani, na kila sahani iwe na karatasi iliyoandikwa kila kilichomo, na sahihi ya mpikaji chini yake.

"Wewe si lazima," meneja aliniambia. "Najua si sikukuu yenu."

Hilo "si lazima" ndilo lililonichoma. Kwetu Unguja sikukuu ikifika sahani inavuka uchochoro bila kuuliza dini ya mlango inakokwenda. Tena picha za mwaka uliopita nilikuwa nimeziona ukutani: nyota na miti ya biskuti, imekauka, mtu angeweza kuezekea nyumba. Nikasema moyoni, ngojeni nyie. Mtakula vileja mpaka mniombe.

Kileja kizuri hakitafunwi, kinaanguka chenyewe mdomoni. Unaipiga samli na sukari mpaka ziwe nyeupe na mkono uombe radhi, unatia yai, kisha unga wa mchele na iliki. Iliki ndiyo roho yake. Yangu ilikuwa imetoka kwa mama wiki ile ile, kwa mkono wa msafiri, ndani ya chupa kuukuu ya kahawa. Na ndani ya furushi hilo hilo kulikuwa na chupa ya pili, pacha wa ile, kifuniko cheusi na unga wa rangi ya vumbi kama mwenzake. Hiyo ilikuwa singo: unga wa maua na manukato anaosuguliwa bibi harusi mwili mzima mpaka ngozi ing'ae. Mama yangu ndiye mtengenezaji wa singo mtaani kwetu. Kuandika juu ya chupa hajawahi. Nilipompigia kumuuliza ipi ni ipi, alinijibu, "Si utanusa? Pua umeekewa ya nini?"

Pua ninayo, lakini wiki ile ilikuwa imezibwa na mafua. Na mdomo nao ulikuwa umefungwa, kwa kuwa nilikuwa nimefunga. Wanawake wenzangu wa huku wanajua: zile siku za Ramadhani zinazotupita tunazilipa Desemba, mwezi ambao jua la London linachungulia kama mgeni aliyekuja kutoa salamu tu, asikae. Nilikuwa na siku nne bado, na Ramadhani nyengine ilikuwa inabisha hodi. Wapo wanaosema mpishi aliyefunga ana ruhusa ya kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema. Mama siku zote aliita hiyo hila ya wenye imani chovu, nami nimeurithi ukaidi wake. Basi nilifungua chupa moja, nikatia vijiko vitatu, nikakanda, nikaviringa, nikatia alama kwa uma, nikaoka. Mwenye nyumba ninayopanga chumba, mama mmoja wa Kinijeria, alipita jikoni akasema kunanukia maua. Nikamwambia kwa maringo kwamba ndivyo iliki ya kwetu ilivyo.

Turudi kazini. Saa kumi kasoro dakika nane simu yangu ikatoa adhana, kwa sauti ya chini, mfukoni. Tende nilikuwa nimezisahau. Nikachukua kileja kimoja katika sahani yangu, nikasema bismillahi, nikauma.

Kwanza ulikuja uchungu. Kisha karafuu. Kisha ile liwa, unga wa msandali, ikaganda kwenye kaakaa kama vumbi la seremala. Hata kwa mafua yale niliitambua. Ilikuwa harusi ya dada yangu, ilikuwa chumba cha ndani tulichomfungia siku saba, na mimi nilikuwa naitafuna.

Ningeweza kucheka. Kuwalisha Waingereza manukato ya kujisugua si dhambi kubwa. Lakini papo hapo nikaisikia sauti ya mama, mlangoni kwetu, akiwaambia mama za mabibi harusi maneno niliyoyasikia tangu nikitambaa: "Wenzangu wanatia unga wa dengu. Mie singo yangu natia lozi. Ndio mana ngozi inateleza."

Lozi. Na mpishi aliyeniuliza mara mbili alikuwa amesimama dirishani, anacheka na wenzake, chembe za kileja changu bado ziko kwenye aproni yake.

Vileja kumi na viwili vilikuwa vimetengwa kwa ajili ya wazee. Vilikuwa juu ya toroli ya chai, na toroli ile hutoka jikoni saa kumi kamili.

Nitasema nilichofikiri, kwa sababu nisiposema nitakuwa naongopa. Nilifikiri kwenda kwenye toroli, kuviondoa vile kumi na viwili, na kudai vimevunjika. Mpishi alikula zaidi ya nusu saa iliyopita na bado anacheka. Labda lozi zilikuwa chache, labda hatadhurika. Jumatatu ningetiliwa sahihi fomu yangu ya majaribio. Nilifikiri hayo yote, na sikuyafikiri kwa sekunde moja. Nilisimama na kile kipande mdomoni nikiyapima.

Aliyenizindua ni mwenzangu mmoja mwenye asili ya Bukavu, Kongo, ambaye ndiye pekee pale ninayesema naye Kiswahili.

"Uko na nini, mama? Uso yako imebadirika."

Nikamnong'oneza. Akaliweka kopo lake chini.

"Ile ya kupaka ku ngozi? Na iko na lozi ndani?"

"Inayo."

"Sema sasa hivi. Ukikawia, njo wewe utabeba hiyo muzigo mpaka kaburi." Kisha akaenda akasimama mbele ya toroli, mikono kiunoni, kama mtu anayezuia ng'ombe.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini hapa kifo chenyewe kingekuwa cha mtu mwengine. Nikaenda katikati ya chumba nikasema, kwa Kiingereza changu, kwamba karatasi yangu ni ya uongo, nimekosea chupa, na mpishi amekula lozi.

Mpishi aliweka mkono shingoni. Alikaa kitini taratibu, akaanza kujikuna chini ya sikio, akafungua mkoba, akatoa sindano yake ya dharura, ile wanayojichoma watu wanaodhurika na lozi, na kuilaza mapajani. Hakunitukana. Alinitazama tu, nami ningependelea matusi. Meneja alikuwa tayari anazungumza na watu wa dharura, na wao wanamuuliza: lozi kiasi gani? Mna hakika? Kuna nini kingine ndani? Meneja akanigeukia na kalamu.

"Niambie kila kitu kilichomo."

"Sijui," nikasema. Ilikuwa kweli. Siku ya kutengeneza singo mama hujifungia chumbani, hata sisi binti zake hatuingii. Anayejua ni mmoja tu duniani.

"Mpigie."

Simu ikawekwa mezani katikati ya zile nyota na miti ya biskuti, spika wazi. Ikaita mara nne.

"Ushafuturu, mwanangu?"

"Nshafuturu. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umefuturu nini?"

Nikamwambia. Alicheka mpaka akakohoa. "Singo kwenye vileja! Wallahi wewe mtoto!"

"Mama, usicheke. Kuna mtu kavila, na lozi zinamdhuru, zinaweza kumuua. Nambie umetia lozi kiasi gani."

Kicheko kikakatika. Nikasikia televisheni yake, kisha nikasikia anaipunguza.

"Nani mwengine anasikia?"

"Tuko wengi. Anayejua Kiswahili mmoja tu."

"Wa kwetu?"

"Wa Kongo."

Mpishi alikuwa amekwisha kuitoa sindano kwenye kibweta chake.

"Waambie kidogo," mama akasema. "Lozi kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani? Kijiko? Kikombe?"

"Nshakwambia kidogo."

"Mama!"

Nilimpigia kelele mama yangu. Sikuwahi kabla ya siku ile na sijarudia tangu hapo. Nadhani naye alishtuka, kwa sababu sauti iliyotoka baadaye ilikuwa ndogo, sauti ya mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni.

"Hamna."

"Hamna nini?"

"Hamna lozi. Hazijapata kuwamo. N'unga wa dengu. Wa dengu, kama wa watu wengine. Dengu, na waridi, na asumini, na kilua, na mrehani, na karafuu, na liwa. Basi. Hamna kitu chengine."

Niliyatafsiri moja moja, na meneja akayaandika, na kuyasoma kwa sauti kwenye simu yake. Siri ambayo mama aliificha maisha yake yote ikasomwa London mbele ya wanawake wanane, wenye makopo ya biskuti mikononi. Yule wa Bukavu aligeuza uso ukutani, kama vile mama angeweza kumwona.

Mpishi hakuiweka sindano mara moja. Aliniuliza, "Unamwamini?"

"Ndiyo," nikamjibu. "Mtu haongopi kwa kujivunjia heshima."

Alinitazama, akatazama sindano, akairudisha kwenye kibweta. Watu wa gari la wagonjwa walikuja, wakampima, wakakaa naye saa nzima, wakaondoka. Muwasho ulikuwa wa hofu. Vileja vyote vilivyosalia, pamoja na vile vilivyokwisha kuingia kwenye makopo ya watu, vilitupwa kwenye mfuko mweusi, na mimi ndiye niliyeushika mfuko. Ndipo wanawake wawili wakakiri kwamba walikuwa wameonja mapema na kutema kwenye tishu. Hawakutaka kuniudhi. Walikuwa wameniambia vina ladha ya kipekee, nami nikawashukuru!

Jumatatu niliingia ofisini nikiwa nimeshakunja nguo zangu kwenye sanduku. Meneja aliniongezea miezi mitatu ya majaribio. Niliuliza kwa nini hanifukuzi kama alivyofukuzwa mwenzangu kwa ile keki.

"Hakufukuzwa kwa keki," akasema. "Alifukuzwa kwa kukana."

Mama hakunipigia simu kwa wiki sita. Mimi nilipiga, akajibu kwa mkato kwamba yu mzima, akakata. Nilielewa. Nilikuwa nimeokoa kazi yangu kwa kumvua nguo yeye, na hakuna njia ya kuomba radhi kwa jambo kama hilo bila kulitaja, na kulitaja ndiko asikokutaka. Niliona haya, na hata sasa bado naona.

Siku chache kabla ya Ramadhani msafiri mwengine alifika, nikaenda kumpokea kituoni. Alikuwa jirani yetu wa nyumba ya pili, ambaye binti zake wote wawili waliolewa kwa singo ya mama na aliyezisifia lozi zile kwa kila mtu mjini. Alinikabidhi chupa mbili za kahawa zikiwa mkononi, bila kufungwa hata gazeti. Kila moja ilikuwa imebandikwa kipande cha plasta ya kidonda, kimeandikwa kwa kalamu, kwa mkono wa mama. Ya kwanza ilisema ILIKI. Ya pili ilisema SINGO. HAMNA LOZI.